Maswali ya Wasomaji: Rili za Uvuvi na Maji ya Chumvi

Kusi imeshika, boti nyingi za kurambaza, yaani kukokota chambo nyuma ya boti, kuanzia Shimoni hadi Malindi zimepandishwa nchi kavu, na barua tulizopokea mwezi huu ni za watu wenye rili mezani na bisibisi mkononi. Tumechagua tisa.

Tuelewane kwanza kwa maneno machache. Rili ni kile kifaa cha kuzungushia mshipi kinachofungwa kwenye ufito wa kuvulia. Breki ni ule mfumo wa washa, yaani visahani vyenye tundu katikati, unaomruhusu samaki kuvuta mshipi bila kuukata. Spuli ni pale mshipi unapozungushiwa. Mkono ni mpini wa kuzungushia rili. Kilimi ni kidude chenye ncha kinachouzuia mkono usirudi nyuma. Rili ya nyota hukazwa breki kwa gurudumu lenye umbo la nyota chini ya mkono. Ya wenzo hukazwa kwa kusukuma wenzo ulio ubavuni. Ya kurushia ni ile yenye spuli iliyokaa kwa mbele na waya unaofunguka.

Sisi ni mabaharia wa boti ya watalii. Kila tukirudi tunaziosha rili zote sita, za wenzo, kwa mpira wa maji, tena kwa nguvu ili chumvi yote iondoke. Hata hivyo msimu hauishi beringi za spuli zimeshaanza kulia. Tunakosea wapi? (Watamu)

Mnakosea kwenye hiyo nguvu. Rili nyingi za wenzo hazikuzibwa zisiingie maji kabisa. Kuna nafasi nyembamba kati ya spuli na fremu, nyingine chini ya wenzo, na nyingine pale mhimili wa mkono unapotokezea. Maji ya bahari yanayorukia rili mkiwa kazini, mengi hubaki juu juu. Mpira ukifinywa kwa kidole huyachukua yale matone ya chumvi na kuyasukuma ndani, mpaka kwenye beringi, mahali pasipofika jua wala upepo. Yakikauka, chumvi inabaki, na chumvi huvuta unyevu wa hewani. Rili inaning'inia stoo mnaiona kavu, kumbe ndani inalowa kila usiku.

Fanyeni hivi. Mkishafunga boti, kabla chumvi haijakauka, sukumeni wenzo mpaka mwisho ili mabamba ya breki yabane na maji yasipenye katikati. Tumieni maji ya kunyunyiza kama manyunyu ya mvua, nusu dakika kila upande, mkiyaelekeza juu ya mshipi na fremu, si kwenye pengo la wenzo. Futeni kwa taulo. Kisha rudisheni wenzo mpaka mwisho wa kulegea, zungusheni mkono mara ishirini hivi, na mziache rili kivulini penye upepo hadi asubuhi. Vile vifuniko vya mpira laini vinavyouzwa pamoja na rili msivivishe kwenye rili yenye maji. Vikishavalishwa, rili inakaa kama nguo mbichi kwenye mfuko.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa pwani tunalisahau: maji yenyewe. Visima vingi karibu na ufuo vina maji ya magadi au ya chumvi kidogo, na kuoshea rili humo ni kubadilisha chumvi kwa chumvi. Dondosha tone moja kwenye kioo cheusi cha simu iliyozimwa, uliache likauke. Likiacha duara jeupe unaloweza kulikwangua kwa ukucha, tafuta maji ya bomba au ya mvua. Lita mbili kwenye kichupa cha kunyunyizia zinatosha rili zote sita.

Kuosha peke yake hakutaokoa beringi. Kabla ya msimu, zitoeni, zisuuzwe kwenye mafuta ya taa, zikauke kabisa, kisha zijazwe grisi ya baharini mpaka itokeze upande wa pili. Beringi ya rili ya kurambaza haihitaji kuzunguka kwa wepesi kwa sababu hamrushi chambo, mnakiachia tu maji yakivute. Grisi ikiijaza, maji hayana nafasi ya kukaa. Boti inayotoka karibu kila siku ifungue beringi za spuli tena katikati ya msimu.

Rili yangu imetumbukia baharini pamoja na ufito wake, imekaa chini kama dakika kumi kabla sijaizamia. Fundi yuko mbali, nitamfikia kesho. Niianike juani? (Kilwa)

Usiianike. Iache ilowe, ila kwenye maji baridi. Tumbukiza rili nzima kwenye ndoo ya maji yasiyo na chumvi, legeza breki, zungusha mkono polepole mara kadhaa, mwaga, jaza tena, rudia mara tatu. Kisha iache humo humo mpaka fundi aipokee, isizidi siku moja.

Msomaji makini atasema tumejipinga, maana hapo juu tumekataza maji kuingia ndani. Tofauti ni kwamba yako yameshaingia. Kutu hukimbia zaidi pale penye chumvi, unyevu na hewa kwa pamoja, yaani wakati rili inapoanza kukauka. Ikiwa chini ya maji baridi, chumvi inayeyuka na hewa ni kidogo. Lakini lazima ifunguliwe: maji hayo hayo baridi yakiachwa ndani wiki moja yataila.

Rili za kurushia zilizozibwa, mfano Penn Spinfisher VI yenye kiwango cha IPX5 au Slammer IV yenye IPX6, zisikudanganye. Viwango hivyo vinahusu maji yanayorushwa, si kuzamishwa. Na mpira uliozuia maji kuingia ndio huo huo utakaoyazuia kutoka. Kama ilizama kwenye mchanga, usizungushe mkono hata mara moja kabla ya kuifungua. Punje moja kati ya giya kubwa na ndogo inatosha kuacha kovu.

Nimeachiwa na mjomba rili ya Penn Senator 114H. Breki yake inashikashika: nikivuta mshipi unagoma, kisha unaachia kwa kuruka, kisha unagoma tena. Nikikaza zaidi ndiyo inazidi. Nataka kuifungua mwenyewe. (Mtwapa)

Ifungue bila hofu. Kampuni ya Penn ilianzishwa na Otto Henze mjini Philadelphia, Marekani, mwaka 1932, na Senator ikatoka 1936. Muundo wake umebadilika kidogo sana tangu hapo, ndiyo maana hata ya mjomba inaweza kupata vipuri. Ya kwako, 114H, ni ile ya ukubwa wa 6/0.

Tandika kitambaa cheupe. Weka simu karibu na upige picha kila hatua, ukipanga vipande kutoka kushoto kwenda kulia kwa mpangilio vilivyotoka. Legeza nyota mpaka mwisho. Toa skrubu ndogo inayofunga nati ya mkono, kisha nati, mkono, nyota na bushi iliyo chini yake. Toa skrubu za kuzunguka kifuniko cha kulia, kifuniko kitoke na giya zake. Giya kubwa imekaa kwenye daraja dogo la chuma lililoshikwa na skrubu zake. Utakapolinyanyua hilo daraja, fanya kazi mikono ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoona ndani. Chini yake kuna springi mbili ndogo zinazosukuma kile kidaraja cha giya ndogo, nazo huruka. Springi ya kilimi nayo ina tabia hiyo hiyo. Ikiangukia mchangani, hesabu imepotea.

Ndani ya giya kubwa kuna rundo la washa. Kuanzia chini: ya karboni, ya chuma yenye tundu bapa, ya karboni, ya chuma yenye masikio, ya karboni, na juu kabisa ya chuma yenye tundu bapa. Fahamu kazi zake, hutasahau mpangilio. Zenye tundu bapa zimekamata mhimili unaozungushwa na mkono. Yenye masikio imekamata giya, ambayo huenda na spuli. Samaki akivuta, kundi la kwanza linasimama na la pili linazunguka, na karboni iko katikati ikisuguana na yote mawili. Ukiweka vyuma viwili vya kundi moja vikiwa jirani, sehemu hiyo haisugui kitu, na breki itakuwa dhaifu hata ukikaza mpaka nyota ikuume vidole.

Sasa ugonjwa wenyewe. Breki inayoshikashika mara nyingi ina moja kati ya mambo matatu. Washa ni za zamani, za ngozi au za nyuzi zilizobanwa, zimekuwa ngumu na kung'aa kama kwato. Au vyuma vina vidoa vya kutu. Au kuna grisi isiyo yake iliyopikwa na joto la msuguano ikageuka gundi. Kama si nyeusi zenye msuko unaoonekana wazi, zitupe na ununue za karboni za 114H zinazoitwa HT-100. Vyuma vilaze juu ya msasa namba 600 uliowekwa kwenye kioo, visugue kwa duara mpaka vidoa viishe. Ukiona shimo linaloshika ukucha wa kidole, badilisha chuma hicho. Kujua kama kimepinda, kiweke juu ya kioo na ukibonyeze ukingoni: kikibembea, nacho kitupwe.

Karboni ifute kwa spiriti ya famasi, ikauke, kisha ipake grisi maalumu ya breki za rili, kiasi cha punje ya mchele kila upande. Isugue mpaka iingie, na unayoiona imebaki juu uifute. Wapo wanaozipendelea kavu, na kavu hufanya kazi. Kwa maji yetu sisi tunashauri zipakwe, kwa sababu grisi huwazuilia maji ya chumvi wale jirani zake wa chuma. Usitumie hapo grisi ya baharini ya kawaida. Mahali pake ni kwenye meno ya giya, kwenye uzi wa skrubu na kwenye beringi.

Ukishairudisha, funga mshipi kwenye mizani ya springi, kaza breki ifike kilo 4, umwambie mwenzio avute polepole mita tano. Sindano itapanda kidogo mwanzoni, kisha itulie. Ikicheza kati ya 4 na 6 huku mvutaji akienda mwendo mmoja, bado kuna washa chafu au iliyopinda. Ikitulia, legeza nyota kabisa kabla ya kuiweka. Breki inayolazwa ikiwa imekazwa hushikana usiku kucha na kuanza asubuhi na mruko.

WD-40 inafaa? Na mafuta ya nazi je? Mzee mmoja hapa anasema ndiyo yaliyotumika siku zote. (Pangani)

Herufi mbili za mwanzo za WD-40 zimetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya kufukuza maji, na kazi hiyo inaijua. Kuipaka kwa kitambaa nje ya fremu, sawa. Kuipuliza ndani ya rili, hapana: inalainisha grisi na kuiondoa, yenyewe inakauka ndani ya siku chache, na chuma kinabaki uchi.

Mafuta ya nazi huganda yanapofika nyuzijoto 24 hivi, hukamata mchanga, na yakizeeka hugeuka utomvu. Mzee asikasirike, lakini hayo ayaache jikoni. Mafuta ya cherehani ni mepesi na yatakutoa kwenye dharura, tone moja moja.

Shikamooni wakubwa. Rili yangu ya kurushia niliisafisha vizuri na kuijaza grisi mpya kila pembe. Tangu siku hiyo mkono unarudi nyuma samaki akivuta, mara unashika, mara unateleza. Asubuhi na mapema ndiyo mbaya zaidi. (Tanga)

Marahaba, kijana. Umeeleza ugonjwa na chanzo chake katika sentensi moja: grisi kila pembe.

Chini ya rota, yaani ile sehemu inayobeba waya na kuzunguka spuli, kuna kitu kama beringi nene ambacho kwa kweli ni klachi. Ndani yake mna vijiti vidogo vya chuma, kila kimoja na kispringi chake chepesi mno. Mkono ukienda mbele vijiti vinajiviringisha huru. Ukijaribu kurudi nyuma vinajikaba kwenye mteremko mwembamba na kugoma. Kispringi hicho hakina nguvu ya kukisukuma kijiti ndani ya grisi nzito, hasa alfajiri ikiwa na baridi. Kijiti kinachelewa, na mkono unarudi.

Toa spuli, fungua nati ya rota, ukikumbuka kwamba katika rili nyingi nati hiyo ina kiskrubu au bamba la kuizuia isilegee. Nyanyua rota na utoe klachi nzima bila kuitawanya. Itumbukize kwenye spiriti, itikise, badilisha spiriti, itikise tena mpaka itoke safi. Ikikauka, weka matone mawili tu ya mafuta mepesi, moja kila upande, uyaeneze kwa kuizungusha. Bushi laini inayopita katikati yake ifutwe mpaka ing'ae. Hiyo ndiyo vijiti vinaishika, ikiwa na mikwaruzo au kutu itateleza hata ukiosha mara kumi.

Usipake klachi grisi tena, hata kidogo. Na usiiache kavu kabisa kwa kuogopa mafuta, maana itaoza kwa kutu.

Skrubu za kifuniko zimegoma na kuzunguka vichwa vyake kumeota unga mweupe. Rangi ya fremu imevimba kama malengelenge. Ni kutu ya namna gani hii nyeupe? (Kilindoni, Mafia)

Ni alumini inayoliwa. Skrubu ni ya chuma cha pua na fremu ni ya alumini. Maji ya chumvi yakiingia kati yao, metali hizo mbili zinakuwa kama betri ndogo, na katika betri hiyo anayeisha ni alumini. Unga huo hujaza uzi wa skrubu na kuvimba, ndiyo maana skrubu inabanwa kana kwamba imechomelewa.

Safisha kwanza tundu la kichwa cha skrubu kwa sindano. Bisibisi nyingi huteleza kwa sababu zimekaa juu ya chumvi, si juu ya chuma. Weka tone la mafuta ya kupenyeza kila baada ya saa kadhaa, siku nzima. Kisha chukua bisibisi inayojaa kichwa barabara, ikandamize, uigonge kitako kwa nyundo ndogo mara tano au sita. Jaribu kukaza kidogo kwanza, hata kama ni unywele, ndipo ulegeze: unga unavunjika kwa kutikiswa pande zote mbili. Ikigoma, weka ncha ya pasi ya kulehemu juu ya kichwa kwa dakika moja, iondoe, usubiri kidogo, ujaribu tena. Usitumie moto wa kiberiti wala jiko, kuna plastiki na mpira karibu. Kichwa kikianza kulika, simama umpelekee fundi mwenye drili. Gharama ya kutoboa skrubu ni ndogo kuliko ya fremu.

Zikishatoka, sugua unga kwa mswaki na maji ya sabuni. Siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu husafisha vizuri vipande vya shaba vilivyoota ukijani, nusu saa inatosha, kisha suuza sana. Alumini usiiloweke humo, asidi inaila nayo. Kabla ya kurudisha kila skrubu, paka uzi wake grisi ya baharini. Hatua hiyo ya sekunde tano ndiyo ingekuepusha na haya yote, na fanya hivyo hivyo kwa rili mpya kabisa siku unayoitoa dukani, ukitoa skrubu moja moja na kuirudisha. Malengelenge ya fremu hayaponi. Yakwangue, upake rangi ya kucha ili maji yasiendelee kupenya, utumie hivyo hivyo.

Natumia rili ya wenzo ya ukubwa wa 50 na mshipi wa nailoni wa kilo 24. Breki nimeipima kwa mizani, kilo 8 kamili. Nduaro ameondoka na mshipi mwingi, na akiwa mbali umekatika wenyewe. Mshipi mbovu? (Malindi)

Pengine mzima. Kilo 8 ni theluthi ya 24, kipimo sahihi, ila ulikipima spuli ikiwa imejaa.

Breki haijui kilo, inajua nguvu ya kuzungusha spuli. Mshipi ukitoka spuli ikiwa nene, samaki anavuta kwa mkono mrefu, kama mtu anayefungua nati kwa spana ndefu. Spuli ikikonda, spana inafupika, na lazima avute zaidi kupata mzunguko ule ule. Chukua spuli yenye kipenyo cha sentimita 10 ikiwa imejaa. Mshipi ukitoka hadi ibaki sentimita 7, breki yako ya kilo 8 imeshakuwa zaidi ya kilo 11. Ikibaki 5, ni kilo 16. Ongeza uzito wa maji yanayoukokota mshipi mrefu uliopinda baharini, na fundo ambalo siku zote ni dhaifu kuliko mshipi wenyewe, utaona kilo 24 hazikuwa mbali.

Kwa hiyo mshipi unapozidi kutoka, wenzo unarudishwa, hausukumwi. Silika ya wengi ni kukaza wakiona spuli inaisha, na hapo ndipo samaki wanapopotelea. Nahodha amfuate samaki mapema, mshipi urudi.

Kuhusu kupima: ile nobu ya kupangia breki ya rili ya wenzo izungushwe wenzo ukiwa umelegezwa kabisa, kamwe usiiguse ukiwa umekazwa, utaharibu uzi wake. Zungusha kidogo, sukuma wenzo mpaka kituo cha mapigano, yaani pale unapowekwa samaki akishika, pima, rudisha, rekebisha. Vuta mshipi ukipita kwenye vishikizo vyote vya ufito uliopinda, si moja kwa moja kutoka kwenye rili, kwa sababu msuguano wa ufito nao unahesabika. Mwisho legeza wenzo, uizungushe spuli kwa mkono: ikiwa haizunguki huru, umeitaka rili hiyo breki kubwa kuliko uwezo wake.

Nipatie namna ya kununua beringi bila kuagiza nje. Iliyotoka haina maandishi yanayosomeka. (Mombasa)

Rili nyingi hutumia beringi za vipimo vya kawaida, na duka la beringi za pikipiki na mashine linaweza kuwa nazo. Pima kwa kalipa mambo matatu: tundu, kipenyo cha nje, unene. Milimita 8 kwa 16 ni namba 688. Milimita 6 kwa 13 ni 686. Milimita 5 kwa 11 ni 685. Ile ndogo sana ya rola ya mshipi, kigurudumu kilicho kwenye ncha ya waya wa rili ya kurushia, 4 kwa 7, ni MR74.

Unene ndio unaowaponza watu. 688 iliyo wazi ina unene wa milimita 4, yenye vifuniko ina 5. MR74 ni 2 ikiwa wazi na 2.5 ikiwa na vifuniko. Ukinunua nene, kifuniko cha rili hakifungi, na ukikilazimisha giya zinabana. Herufi ZZ maana yake vifuniko vya chuma pande zote mbili, 2RS ni vya mpira, na S mwanzoni kwa kawaida ni chuma cha pua. Chukua ya chuma cha pua yenye 2RS kama ipo, ila usidhani haitashika kutu: chuma kigumu cha beringi hushika, kinachelewa tu. Ya zamani ijaribu kabla hujaitupa: ivishe kwenye penseli iliyochongwa ikabana kidogo, izungushe kwa kidole. Ikitoa mkwaruzo kama wa mchanga hata baada ya kuoshwa, imekwisha.

Huku Muscat tunavua kolekole kwa mshipi wa kusuka. Rili inapiga kelele kama panya mshipi ukiingia, na mshipi unajisokota. Giya nimekagua, nzima. (Muscat, Oman)

Angalia rola ya mshipi, kile kigurudumu kwenye ncha ya waya unaofunguka. Ndiyo sehemu inayolowa kuliko zote kwa sababu mshipi unaikamulia maji ya bahari kila mzunguko, na mshipi wa kusuka hubeba maji mengi kuliko nailoni. Beringi yake ikikwama, rola inasimama, mshipi unaburuzwa juu yake na kusokotwa. Ukiendelea hivyo utachimba mfereji kwenye rola, na mfereji huo utaukwangua mshipi mpya siku ya kwanza.

Pitisha uzi mkavu wa pamba juu ya rola, uvute huku na huku kwa nguvu ndogo kabisa. Rola isiyo na hitilafu inafuata uzi. Iliyokwama inauacha uteleze. Fungua skrubu yake moja juu ya kitambaa, panga vile vibushi kwa mfuatano, osha beringi, ijaze grisi, rudisha. Kama rili ni ya Daiwa na rola yake imeandikwa Magsealed, usitie mafuta wala grisi: imezibwa kwa mafuta ya sumaku, na mafuta mengine huyaharibu. Hiyo suuza kwa nje, ikikwama ipeleke kwa fundi wa kampuni.

Spuli yenyewe itoe kila ukirudi, uilaze kwenye beseni la maji baridi kwa dakika 20 breki ikiwa imekazwa, kisha ilegeze na uisimamishe ikauke. Ukizibonyeza nyuzi kwa kitambaa cheusi kesho yake na kikatoka na unga mweupe, iloweke tena.